Makucha yanayolegea kwa makusudi

Nilikuwa Tokyo kikazi, sasa nimerudi Butere na usingizi bado unanijia mchana.

Jioni moja pale Akihabara niliingia ukumbi wa michezo uliojaa mashine za makucha. Unatia sarafu ya yeni 100 (takriban shilingi 80 za Kenya), unasogeza mkono wa chuma juu ya mdoli, unabonyeza. Makucha yanashuka, yanamshika, yanamwinua... yanamwachia! Mara 12! Kila mara nilijiambia nimekosea kidogo tu. Mimi, mwenye shahada ya kompyuta!

Mkono wangu haukuwa na kosa. Mashine nyingi za aina hii zina menyu ya ndani ambako mwenyewe hupanga nguvu ya makucha. Nyingine humwuliza bei ya mchezo, thamani ya zawadi na faida anayotaka, kisha programu inapiga hesabu makucha yakaze sawasawa baada ya michezo mingapi. Michezo mingine yote yanalegea. Ustadi wako una maana zamu hiyo ikifika tu.

Japani angalau kuna mpaka: zawadi haitakiwi kuzidi takriban yeni 1,000 (kabla ya 2022 ilikuwa 800). Tena mhudumu aliponiona nahangaika alimsogeza mdoli karibu na tundu. Nikampata mara ya 13.

Nilikumbuka mashine za kamari zilizoenea vijijini Kenya, watoto wakitumbukiza sarafu walizotumwa nazo dukani. Mwaka 2018 serikali ilizikamata na kuzichoma nyingi, tukashangilia. Lakini kilichoungua ni sanduku. Hesabu ile ile leo iko kwenye simu ya kijana wa bodaboda, na huko hakuna mhudumu wa kumsogezea mdoli.

Rai yangu: uwezekano wa kushinda uandikwe kwenye skrini kwa tarakimu kubwa, kama uzito kwenye pakiti ya unga. Namba hiyo tayari imo ndani ya programu. Kuificha ni uamuzi wa mtu.

Nasema hivi kwa sababu mwezi uliopita mteja mmoja alitaka nimwandikie mchezo wa namna hiyo. Nikamwuliza kama tutaionyesha namba. Alicheka. Kazi nimeikataa, na pesa nilizihitaji kwelikweli.

Wewe ungefanyaje?