Tuache kucheka "I am wanting"

Wanachuo wenzangu, kuna jambo linaniudhi kwenye semina zetu. Mtu anasimama na hoja nzuri, anaanza na "I am wanting to ask", ukumbi mzima unaangua kicheko. Hoja inafia hapohapo. Wiki inayofuata haongei tena, anaandika notsi kimya mpaka muhula unaisha. Naandika kumtetea, maana kosa lile lina mantiki, na mantiki yenyewe inatoka kwenye Kiswahili.

Kuunda njeo hii ya tendo linaloendelea siyo kazi. Unachukua "am", "is" au "are" kufuatana na mtenda, unaweka kitenzi chenye "-ing": "I am reading", "she is reading", "they are reading". Kwenye tahajia kuna mitego michache tu: "write" inaacha "e" na kuwa "writing", "sit" inaongeza "t" na kuwa "sitting", "lie" inageuka "lying". Haya tulikaririshwa sekondari na wengi tunayajua.

Shida iko kwenye matumizi. "-na-" yetu inafanya kazi mbili. Ukisema "Asha anafundisha hesabu", huenda yuko darasani saa hizi, au ndiyo kazi yake hata kama sasa hivi yuko sokoni. Kiingereza kinakulazimisha uchague: "is teaching" kwa la sasa au la muda tu, "teaches" kwa kazi yake ya siku zote. Halafu vitenzi vya hali, kama "know", "want" na "understand", kwa kawaida havipokei "-ing". Sisi tunasema "nataka" kwa umbo lilelile la "nakimbia". Sasa mtu akisema "I am wanting", ujinga uko wapi? Amefuata kanuni ya lugha anayoijua vizuri.

Na kuna mtego wa pili ambao hata wachekaji wananasa. "Amelala", "amesimama", "amevaa koti": kwetu ni "-me-", kwa sababu tendo limeshafanyika na hali ndiyo inayoendelea. Kiingereza kinataka "is sleeping", "is standing", "is wearing a coat". Ndiyo maana unasikia "he has slept" wakati jamaa bado anakoroma.

Lakini tunafanana pia. "Nasafiri Ijumaa" ni "I am travelling on Friday", safari imeshapangwa. Hapo hakuna anayekosea, kwa sababu lugha mbili zinakwenda pamoja.

Wapo watakaosema chuo kikuu si mahali pa sarufi ya sekondari. Sawa, lakini wengi wetu tulisoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza tukakuta kila kitu Kiingereza, na sarufi yenyewe tukaelezwa kwa lugha ambayo bado hatujaijua. Tulipata fomula, hatukupata sababu. Mhadhiri wa stadi za mawasiliano akiweka "-na-" na "-me-" ubaoni kando ya "-ing", saa moja inaweza kufungua watu macho. Asione haya kueleza kwa Kiswahili.

Sisemi tuandike ovyo. Kwenye mtihani alama zinakatwa, na barua ya kuomba kazi haina msamaha. Lakini Waingereza wenyewe siku hizi wanasema "I'm loving this" kwenye maongezi, na sisi tunawaiga tukidhani ni ung'eng'e wa kisasa. Wao wakiivunja kanuni ni mtindo, mwenzetu akiivunja ni kichekesho?

Naiomba serikali ya wanafunzi ipeleke suala hili idarani kabla ya muhula ujao. Na sisi kwenye semina, mtu akisema "I am wanting to ask", tumjibu swali lake kwanza. Sarufi atarekebishwa baadaye, nje, na rafiki.