Tumuache gardien apumuzike

Siye wote hapa Luano tunapenda mupira, na zaidi tunapenda kutafuta mwenye kosa. Mupira ukiingia, sauti ni moja: gardien! Ni haki?

Mpaka leo watu wanasema Kazadi Mwamba wa Mazembe alituletea haya kule Ujerumani katika 1974, tulipopigwa 9-0 na Yugoslavia. Tuhesabu vizuri. Kazadi aliondoshwa tukiwa 3-0, hata nusu saa haijafika. Yale 6 yaliingia yeye akiwa amekaa inje! Na ni yeye alikuwa mulinzi wetu mwaka uleule tulipochukua Kombe la Afrika kule Misri. Ya pale sifa zote ni za Ndaye Mulamba na magoli yake 9. (Kweli, 9 si kidogo.)

Na Kidiaba? Tunaiga kuruka kwake kwa matako tu. Katika 2010 kule Abu Dhabi, Pachuca na Internacional hawakumufunga hata moja. Nani anakumbuka ile?

Siku ya Posho gardien wetu alilia nyuma ya mechi. Mupira ulipita mabeki wane mbele ya kumufikia, lakini siye tulimupigia yeye miluzi. Sasa anasema hachezi tena. Twende tumuombe musamaha, leo, si kesho.