Ajali za Viwandani Hazitokani na Uzembe wa Wafanyakazi

Hoja kwamba ajali za viwandani ni uzembe wa wafanyakazi ilipata nguvu mwaka 1931, H. W. Heinrich wa Marekani alipoandika kuwa asilimia 88 husababishwa na vitendo vya hatari vya watu. Msingi wake ni mbovu. Takwimu zilitoka kwenye majalada ya bima na kumbukumbu za wenye viwanda, yaani upande wenye kila sababu ya kumlaumu aliyeumia.

Maafa ya jengo la Rana Plaza, nchini Bangladesh, yanatosha kuijibu hoja hiyo. Tarehe 23 Aprili 2013 jengo lilipata nyufa. Benki na maduka ya chini yakafungwa. Washonaji nguo waliogopa kuingia, wakatishiwa kukatwa mshahara. Kesho yake asubuhi jengo liliporomoka, likaua watu zaidi ya 1,100. Uzembe wao ulikuwa upi?

Mashine isiyo na kinga hukata vidole vya fundi makini pia, hasa mwisho wa zamu ndefu. Kinga ya chuma, au swichi kuu iliyotiwa kufuli wakati wa matengenezo, humlinda hata akichoka. Bango la "Usalama Kwanza" haliwezi. Sheria ya Kenya ya usalama kazini ya mwaka 2007 inamtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha mitambo ni salama, na ni haki kabisa.