Riba ya BNR yapanda, lakini dola ndiyo inayouma zaidi

KIGALI – Kila Benki Kuu ya Rwanda (BNR) inapotangaza riba yake, wafanyabiashara wa hapa wanaoagiza mali kupitia Dar es Salaam na Mombasa huuliza swali moja: je, mikopo yetu itapanda? Swali ni la haki. Hata hivyo, hesabu za miaka ya karibuni zinaonyesha kuwa si hapo walipoumia zaidi.

Februari 2022 BNR ilipandisha riba kutoka asilimia 4.5 hadi 5. Mwaka huo vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta, ngano na mbolea, na mavuno ya hapa nyumbani nayo yalikuwa mabaya. Kufikia Novemba 2022 mfumuko wa bei mijini ulikuwa asilimia 21.7. BNR ikazidi kubana hadi riba ikafika asilimia 7.5 Agosti 2023.

Riba wanayotoza mabenki ya biashara haikuruka hivyo. Wastani wake ulibaki karibu na asilimia 16. Tayari ilikuwa juu, na mabenki hutegemea zaidi amana za wateja kuliko fedha za BNR.

Sasa tupige hesabu. Chukua mkopo wa faranga milioni 20 kwa miezi minne, muda wa kuagiza, kusafirisha na kuuza. Kwa asilimia 16 riba yake ni kama faranga 1,067,000. Ikipanda hadi asilimia 17, unaongeza faranga 67,000 hivi. Inauma, lakini inavumilika.

Linganisha na dola. Mwishoni mwa 2022 ilikuwa takriban faranga 1,070; mwishoni mwa 2023 ilikuwa takriban 1,260, yaani imepanda kwa asilimia 18 hivi. Aliyechukua mali ya thamani ileile kwa deni la dola, akauza kwa faranga na kulipa baada ya miezi minne, kwa kasi hiyo aliongeza karibu faranga milioni 1.2. Faida yote ya kontena inaweza kuishia hapo.

Wasafirishaji wako pabaya zaidi, maana matairi, vipuri na dizeli vyote vinafuata dola. Agosti 2022 lita ya petroli Kigali ilifika faranga 1,609. Mamlaka ya RURA hupitia bei za mafuta kila miezi miwili, kwa hiyo anayekubali nauli ya miezi sita kwa faranga, bila kipengele cha mafuta, anacheza kamari. Na mwenye lori la mkopo wa miaka mitano asome mkataba: riba inayobadilika humfuata hadi Rusumo na kurudi.

Je, riba ya BNR haina kazi? Inayo. Inapunguza mikopo ya kuagiza mali nje, na hivyo kupunguza mbio za kutafuta dola. Lakini haileti mvua. Mfumuko uliposhuka hadi asilimia 6.4 Desemba 2023, bei za vyakula zilichangia sana.

BNR, ambayo lengo lake ni mfumuko kati ya asilimia 2 na 8, ilishusha riba hadi 6.5 Agosti 2024, kisha Agosti 2025 ikaipandisha hadi 6.75. Nyongeza hiyo ya robo asilimia, kwa mkopo wetu wa milioni 20, ni faranga 17,000 hivi kwa miezi minne, hata kama benki yako itakutoza yote.