Mshipa Uliozibuliwa: Je, Urithi ni Hukumu?



Mama zangu na dada zangu, nilipokuwa Ahero, alinijia baada ya darsa mke mmoja aliyelemewa na swali. Mumewe alizibuliwa mshipa wa moyo Nairobi. Miezi mitano baadaye, akitembea kwenye kingo za mashamba ya mpunga, kifua kikambana tena. Mavyaa akasema: "Baba yake alikufa hivi hivi, na ami yake pia. Ni damu ya ukoo, vidonge vya nini?" Mume akaviweka kando. "Sheikh, ni kweli? Na wanangu je?"

Nikamwambia: kwanza arudi kwa daktari, maneno yatafuata.

Tangu Andreas Grüntzig alipozibua mshipa wa moyo kwa puto mjini Zurich mwaka 1977, hatari hii inajulikana. Puto hupanua njia, lakini huujeruhi mshipa. Mwili hulitibu jeraha kwa kuotesha nyama mpya, na wengine huotesha kupita kiasi. Zama za puto pekee, takriban mtu 1 kati ya 3 alizibika tena, aghalabu ndani ya miezi 6. Siku hizi huwekwa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kilichopakwa dawa, na wanaozibika tena wamepungua sana.

Urithi una fungu lake. Wataalamu wamechunguza jeni nyingi, matokeo yakapishana; hakuna kipimo cha jeni ambacho daktari hukitegemea kumwambia mtu kwamba mshipa wake utaziba. Kilicho wazi zaidi ni kisukari, nacho hutembea katika koo, lakini hupimika na hudhibitika.

Ama vidonge, vingine huzuia damu kuganda ndani ya stenti. Hiyo ni hatari nyingine, nayo haingoji miezi: huua ghafla. Asiviache mtu bila idhini ya daktari, hata Ramadhani. Aulize mapema kuhusu saumu na saa za kumeza dawa.

Na watoto? Wenye baba aliyepatwa na maradhi ya moyo kabla ya miaka 55, au mama kabla ya 65, wana sababu zaidi ya kupima mapema shinikizo la damu, sukari na lehemu, na kujiepusha na tumbaku. Mtajieni daktari maradhi ya ukoo wenu bila kuficha, si aibu.

Kadari ya Mwenyezi Mungu tunaiamini. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na dawa nayo ni katika kadari. Kusema "ni ya ukoo" kisha kukaa si tawakkul, ni uzembe.

Siku ya pili mama yule alinitumia salamu: wamepanda matatu alfajiri kwenda hospitali Kisumu, na mavyaa yuko pamoja nao.

Wabillahi tawfiq.