Safari ya Kutumwa na Safari ya Kujionea
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mhariri aliniomba niandike juu ya mambo ninayoyapenda, na bila kupepesa macho nilimjibu kuwa mimi napenda kusafiri. Alicheka. Hata nyumbani nikisema hivyo watu hucheka. Msichana wa shule ya kutwa hapa Kanduyi, ambaye kila uchao huenda shule kwa miguu na kurudi kwa miguu, amesafiri wapi? Jibu langu ni kwamba nimesafiri sana, ila safari zenyewe hazikuwa zangu.

Nilipokuwa na umri wa miaka 12, shangazi yangu anayeishi Kitale alijifungua, nami nikatumwa nikamsaidie likizo nzima. Nilipakiwa kwenye matatu hapa njia panda, kuku wawili miguuni, mfuko wa unga wa wimbi mapajani, na utingo akaambiwa, "Huyu mtoto mshushe Kitale steji." Nikapita Webuye, Lugulu, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini nikiwa peke yangu kama mzigo wa posta. Hakuna aliyetaja neno hatari. Hakuna aliyesema mtoto wa kike hatembei ovyo.

Sasa linganisheni. Mwaka jana chama chetu kilipanga ziara ya makumbusho ya Kitale. Barabara ni ileile. Mwendo ni mchana, basi ni la kukodi, walimu wapo, na kurudi ni kabla ya magharibi. Barua za ruhusa zilipopelekwa nyumbani, wavulana waliobaki ni wale tu waliokosa nauli. Wasichana saba wa darasa letu walibaki ilhali nauli wanayo! Mzazi mmoja aliandika nyuma ya barua kwamba binti yake ana kazi nyumbani Jumamosi. Mwingine alisema ati msichana akizoea barabara hazoeleki tena jikoni. Mimi nilienda, kwa sababu mama alinisimamia kidete, lakini safari nzima nilikuwa nikitazama viti vyao.

Basi ndugu msomaji, hebu tuite mambo kwa majina yake. Kuna safari ya kutumwa na kuna safari ya kujionea. Ya kwanza msichana anaruhusiwa, tena analazimishwa: kupeleka, kuchukua, kulea, kuuguza, kuzika. Ya pili anaambiwa ni kuzurura. Kama kweli kinachohofiwa ni barabara, mbona barabara haiogopwi nikiwa nimebeba kuku?

Nyanya yangu, ambaye namheshimu mno, hunitolea methali: mtembezi hula miguu yake. Nami humjibu kwa upole, "Nyanya, wewe ndiwe uliyeniambia pia tembea uone." Hapo hunyamaza, kisha hunituma kisimani.

Waama, mila zetu wenyewe hazichukii safari. Kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, wavulana wa Kibukusu huzunguka na chinyimba zao mikononi, wakiimba na kuwaalika jamaa zao waje kushuhudia tohara. Mdogo wangu alifanya hivyo mwaka wa 2024. Alitembea vijiji ambavyo mimi navisikia tu kwenye matangazo ya mazishi redioni. Alifika hadi kwa mjomba, akachinjiwa, akavishwa nyama shingoni, akarudi akiwa anawajua watu wa upande wa mama boma kwa boma. Sisemi mila hiyo ibadilishwe, la hasha. Ninachosema ni kwamba wazee wetu walijua tangu zamani kuwa mtoto hawezi kuwa mtu mzima bila kutembea akawajua watu wake. Je, mtoto wa kike atawajua lini? Siku ya mahari?

Sisi wapenzi wa Kiswahili tunaye wa kumtolea mfano. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka wa 1880 hivi, katika familia ya kimaskini. Ujana wake alikuwa akiuza vyungu, akivibeba kutoka shamba hadi mjini. Hiyo ilikuwa safari ya kutumwa, tena ya jasho. Mwaka wa 1911 alihamia mjini Unguja, akajifunza muziki, na mwaka wa 1928 akapanda meli na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye sahani za santuri. Fikirini, mwaka wa 1928! Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu kizima, akaandika wasifu wake. Najiuliza kama mtu angemfungia mlango pale Fumba kwa kuwa mwanamke hatembei, taarabu ya Kiswahili ingesikika vipi mbali hivyo.

Karibu na kwetu yuko Tegla Loroupe, mzaliwa wa Pokot Magharibi, ukivuka Kitale tu. Alikuwa mwanafunzi wa kutwa kama mimi, akikimbia takriban kilomita 10 kwenda shule. Mwaka wa 1994 alishinda mbio za marathoni za New York, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo, na mwaka uliofuata akashinda tena. Wanafunzi wa kutwa tunaochekwa kwa vumbi la miguuni tumkumbuke huyo.

Lakini nisije nikaonekana mkaidi. Wazazi wana sababu. Wapo wasichana walioondoka kwenda "ziara" na masomo yao yakaishia huko. Wapo utingo wasio na haya, na wapo vijana wa bodaboda ambao msichana akikosa nauli humwambia atalipa siku nyingine, na sote tunajua siku hiyo nyingine hudaiwa nini. Nimeyaona kwa macho yangu hapa steji, siyasimuliwi. Hata hivyo, hatari hizo zinamkuta msichana akienda shule asubuhi na akitumwa dukani jioni. Haziko kwenye basi la shule lenye mwalimu wa kike kiti cha mbele. Msichana ambaye hajawahi kununua tikiti, kuuliza njia wala kukaa macho mjini, ndiye mwepesi kudanganywa siku atakayotoka mara ya kwanza akielekea chuoni. Kumfungia ndani hadi miaka 18 kisha kumwachilia Nairobi siku moja si kumlinda.

Nina neno pia kwa wenzangu. Ukiwauliza wanachama wengi waende wapi, wote watakujibu Mombasa. Mombasa! Tangu Kidato cha Kwanza nasikia Mombasa, na gharama yake kila mwaka huwafanya watu wakate tamaa, safari ikafa, tukabaki tunatazama picha kwenye simu za watu. Sina ugomvi na Mombasa. Nami nitaenda, nimeshapanga: basi hadi Nairobi, halafu ile treni ya Madaraka iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, nikae dirishani nione Tsavo mchana. Kisha siku moja Unguja, nifike Fumba penyewe. Ila kabla ya kuvuka nchi nzima kutafuta bahari, tumeshayajua ya kwetu? Nimeuliza darasani ni wangapi wamepanda kilima cha Chetambe. Watatu. Chetambe iko hapo Webuye! Hapo ndipo Wabukusu walipojikinga ndani ya boma mwaka wa 1895 wakipigana na majeshi ya Waingereza wenye bunduki. Tunakariri vita vya Ulaya kwa ajili ya mtihani, na vita vya babu zetu tunavipita kwa matatu tukisinzia.

Kule Kitale tulikoenda, nilijifunza kwamba makumbusho yenyewe yalianzia kwa mtu mmoja mkusanyaji, Luteni Kanali Stoneham, mzungu aliyeishi huko na kukusanya wadudu, wanyama na vitabu hadi alipofariki mwaka wa 1966. Aliiachia serikali mkusanyiko wake pamoja na fedha za jengo, na jengo jipya likafunguliwa mwaka wa 1974. Nilisimama mbele ya vipepeo vile vilivyochomwa pini muda mrefu hata mwalimu akaniita mara mbili. Mtu alipenda kitu kidogo kiasi hicho, akakifuata porini maisha yake yote, na hakuna aliyemwambia anazurura. (Nyoka sikuwatazama. Aliyetaka kuwatazama alitazama.)

Nami nina mkusanyiko wangu, ingawa si wa wadudu. Ninalo daftari ambamo nimeandika malori. Wanaonijua hawashangai tena. Kanduyi yetu imekaa kwenye barabara kuu iendayo Malaba, na kila jioni nikitoka shuleni huyapita malori yaliyojipanga pembeni kama ng'ombe wanaosubiri josho. Nasoma namba zake: zinazoanza kwa U ni za Uganda, za R ni za Rwanda. Madereva wakiwa wanakula chai hotelini kwa mama, ambako mimi humsaidia kuosha vikombe, nawasikia wakitaja Kampala, Kigali, Juba, Goma, kama sisi tunavyotaja Sang'alo na Mumias. Wengi huzungumza Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi yake. Wa Goma ndiye anayenifurahisha zaidi, maneno yake mengine huyaandika pembeni nikayalinganisha na kamusi. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili akiniuliza insha zangu nazitoa wapi, ajue ni kwenye sinki.

Mpango wangu wa karibu zaidi ni mlima. Elgon tunauona kila asubuhi kukiwa hakuna mawingu, lakini kuuona si kuufikia. Upande wetu kuna pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao. Kilele kirefu zaidi, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda, na chini yake kuna Mbale, waliko ndugu zetu Wamasaba ambao nao hutahiri mwaka wa shufwa kama sisi. Nikifikisha miaka 18 na kupata kitambulisho, nitavuka Malaba bila pasipoti, kwa kuwa tangu mwaka wa 2014 Wakenya wanaruhusiwa kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Mama ameshakubali, kwa sharti kwamba niende na dada mkubwa. Baba bado anafikiri. Baba akifikiri huwa ni dalili njema.

Kwa mwaka ujao, pendekezo langu kwa chama ni Mbuga ya Saiwa, kaskazini mwa Kitale. Ilitengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya nzohe, swala yule wa kwenye kinamasi, na ndiyo mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, takriban kilomita mraba tatu. Uzuri wake ni kwamba ndani yake magari hayaingii, watu hutembea kwa miguu juu ya madaraja ya mbao, kwa hiyo hatuhitaji kukodi gari la kifahari lenye paa la kufunguka. Tuondoke alfajiri, turudi kabla ya jua kuzama. Nauli tulipe kidogo kidogo kuanzia muhula wa kwanza, isiwe mzazi anashtuliwa na kiasi kizima wiki moja kabla. Na badala ya kutuma barua peke yake, naomba walimu wetu wawaite wazazi wa wasichana siku ya mkutano wa darasa, wakae nao, wawaeleze nani atakuwa ndani ya basi na litapita wapi. Mzazi mwingine hakatai safari, anakatalia karatasi asiyojua nani aliiandika.

Orodha iko kwa katibu wa chama. Jina langu ni la pili. Majina ya wale wasichana saba nimeyaandika kwa penseli chini yangu, na kila mmoja akipata ruhusa kwao, aje ayaandike kwa wino mwenyewe.