Lodi wa Kuazima

Waandishi wenzangu, nimechoka na malodi! Kijana wa Kyela anakaa mezani na kete, anajitungia mhusika wa mchezo: lodi mdogo, ngome yake imezungukwa na theluji. Theluji gani, bwana? Huku kwetu ni mpunga, kakao na joto la Ziwa Nyasa.

Mnataka mtawala mdogo? Wanyakyusa walikuwa nao tele. Malafyale alipozeeka, wanawe wawili walisimikwa katika sherehe ya ubusoka, nchi ikagawanywa kati yao. Moto wa zamani ulizimwa majumbani, ukapekechwa mpya. Mzee hakutarajiwa kuishi sana baada ya hapo. Na wakuu wa vijiji walikuwa watu wa kawaida, si wa ukoo wake.

Basi mwambie mhusika wako: siku yako ya shangwe, baba anaanza kuagwa, ndugu yako kachukua nusu, na raia wanakutazama. Utapata usingizi? Hadithi si hiyo!

Utanijibu kwamba uchifu ulifutwa 1963. Sawa, lakini lodi wa theluji alitawala Kyela lini? Sisemi tuwasujudie machifu. Nasema kamuulize babu kwanza, ndipo urushe kete.